Njia ya Mgeni: Historia ya Kukua kwa Kampuni ya Hoteli ya RIU na Nafasi ya Pwani ya Afrika Mashariki, 1953–2024

1.0 Utangulizi

Mwaka 2019 kampuni ya hoteli ya RIU, ambayo makao yake makuu yapo katika kisiwa cha Mallorca nchini Hispania, ilifungua hoteli yake ya kwanza Zanzibar, katika kijiji cha Nungwi kilichopo ncha ya kaskazini ya Unguja. Hoteli ya pili, Riu Jambo, ilifunguliwa mwaka 2021, na ya tatu, Riu Palace Swahili, ikafuata mwaka 2024. Kwa kipindi cha miaka mitano tu, kijiji kinachofahamika kwa uvuvi na uundaji wa majahazi kikawa kituo cha kampuni yenye hoteli takriban 100 katika nchi zaidi ya 20.

Ukuaji wa kampuni za namna hii huelezwa mara nyingi kwa kutaja uzuri wa mahali: mchanga mweupe, maji maangavu, jua la mwaka mzima. Maelezo hayo hayatoshelezi. Mchanga wa Nungwi ulikuwapo kabla ya hoteli, na fukwe nyingine za Afrika Mashariki zenye sifa hizohizo zimebaki bila mwekezaji. Insha hii inajenga hoja kwamba kampuni ya hoteli za ufukweni hukua kwa kadiri inavyoidhibiti njia ya mgeni, yaani mlolongo unaoanza pale mgeni anapolipia safari mjini kwao, ukapitia ndege na basi, hadi kitanda, chakula na safari za matembezi. Ufukwe ni kituo kimoja tu katika njia hiyo, tena ni kituo kinachoweza kubadilishwa.

Ili kuipima hoja hiyo, insha inafuata historia ya RIU tangu mwaka 1953, kisha inailinganisha na majaribio mawili yaliyoitangulia katika pwani yetu: hoteli za serikali za Tanzania katika miaka ya 1970 na kampuni ya African Safari Club ya Mombasa. Aidha, kwa kuwa wanazuoni wengi wameifananisha hoteli iliyozungushiwa ukuta na mgodi au shamba kubwa la mkoloni, insha inatumia mgodi wa Saza, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Songwe, kama kipimo cha mfanano huo. Inabainika kwamba mfanano upo, lakini unavunjika mahali penye umuhimu mkubwa kwa wenyeji.

2.0 Malipo Jumuishi: Maana na Utendaji

Hoteli ya malipo jumuishi ni hoteli ambayo mgeni hulipa mara moja, kwa kawaida kabla ya kuondoka kwao, kwa ajili ya chumba, milo yote, vinywaji na sehemu kubwa ya burudani. Utaratibu huu haukubuniwa na mabepari wakubwa wa hoteli. Mwaka 1950 Gérard Blitz, Mbelgiji, alianzisha Club Méditerranée na kufungua kambi ya mahema Alcúdia, katika kisiwa hichohicho cha Mallorca. Lengo lake lilikuwa kuwaondolea watu waliochoshwa na vita wasiwasi wa fedha wawapo mapumzikoni. Baadaye utaratibu huo ulichukuliwa na kampuni za Karibi na kugeuzwa kuwa mfumo wa biashara ya hoteli kubwa.

Utendaji wake kiuchumi unahitaji kuelezwa, kwa sababu ndio unaoeleza umbo la hoteli zenyewe. Kwanza, mgeni akishalipa kila kitu, kila shilingi anayoitumia nje ya geti ni gharama ya ziada kwake. Hana sababu kubwa ya kula kwa mama lishe wa kijijini wakati chakula chake kimekwisha kulipiwa. Pili, mwenye hoteli hupata faida kwa kupunguza gharama ya kila mlo, si kwa kuuza milo mingi zaidi. Hivyo hununua kwa wingi, kwa mikataba, na kutoka kwa wachache wenye uwezo wa kuleta kiasi kilekile kila siku. Tatu, na hili ndilo la msingi, bei moja isiyobadilika humrahisishia kazi mwandaaji wa safari wa Ulaya. Anaweza kuunganisha tiketi, chumba na chakula katika kifurushi kimoja, akakichapisha katika katalogi na kukiuza miezi mingi kabla ya safari. Kwa hiyo malipo jumuishi yalikuwa, zaidi ya kuwa huduma kwa mgeni, lugha ya pamoja kati ya mwenye kitanda na mwenye kuuza safari.

3.0 Kutoka Playa de Palma hadi Bahari ya Hindi

Mwaka 1953 Juan Riu Masmitjà na mkewe, María Bertrán Espigulé, walinunua hoteli ndogo iitwayo San Francisco katika ufukwe wa Playa de Palma. Hispania ya wakati huo ilikuwa nchi maskini chini ya utawala wa Jenerali Franco. Mpango wa mageuzi ya uchumi wa mwaka 1959 uliifungua nchi kwa fedha za kigeni, na utalii ukawa chanzo kikuu cha fedha hizo. Hoteli nyingi zilijengwa Mallorca katika kipindi hicho. Kilichoitofautisha familia ya Riu na majirani zake hakikuwa ubora wa jengo.

Katika miaka ya 1960 familia hiyo, ambayo sasa uongozi wake ulikuwa ukipita kwa mtoto wao Luis Riu Bertrán, iliingia katika ushirikiano na Dr. Tigges, kampuni ya Kijerumani ya kuandaa safari. Shabaha ya ushirikiano ilikuwa kuwaleta Wajerumani Mallorca hata wakati wa baridi, msimu ambao hoteli nyingi zilifungwa na wafanyakazi kurudishwa makwao. Mwaka 1968 Dr. Tigges iliungana na kampuni nyingine za Kijerumani, zikiwamo Touropa, Scharnow na Hummel, kuunda TUI, ambayo baadaye ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote za safari barani Ulaya. Hoteli ya familia ikajikuta imefungamana na mlango mkuu wa soko la Ujerumani.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 ufungamano huo ulipewa sura ya kisheria pale TUI ilipopata hisa katika kampuni iliyomiliki hoteli za RIU. Hatua zilizofuata zilifuata ramani ya wateja wa TUI. Mwaka 1985 RIU iliingia visiwa vya Kanari, ambako jua halikatiki wakati wa baridi ya Ulaya. Mwaka 1991 ilifungua Riu Taino katika ufukwe wa Punta Cana, Jamhuri ya Dominika. Hiyo ndiyo hoteli yake ya kwanza katika Karibi na ya kwanza kuendeshwa kwa malipo jumuishi. Mwaka 1993 pande mbili ziliunda RIUSA II, kampuni ya uendeshaji iliyomilikiwa nusu kwa nusu. Luis Riu Bertrán alipofariki mwaka 1998, uongozi ulishikwa na watoto wake, Carmen na Luis. Mexico na Jamaica ziliongezwa katika orodha, na upande wa Afrika zikaongezwa Tunisia, Moroko, Cabo Verde, Morisi mwaka 2014, Zanzibar mwaka 2019 na Senegali mwaka 2022.

Mfululizo huu una funzo moja. Katika kila hatua, mteja alitangulia kujulikana, ndege ikapatikana, kisha ufukwe ukatafutwa. RIU haikwenda Punta Cana ili kuusubiri mgeni. Ilikwenda ikiwa na mshirika aliyekwisha kumuuzia mgeni safari. Mallorca, Kanari, Punta Cana na Nungwi, kwa mtazamo wa katalogi, ni kurasa za kitabu kimoja.

Tukio la mwaka 2021 linaonesha upande wa pili wa uhusiano huo. Janga la UVIKO-19 lilipoifikisha TUI katika uhaba mkubwa wa fedha, familia ya Riu ilinunua asilimia 49 ya hisa ambazo TUI ilikuwa nazo katika kampuni ya umiliki wa hoteli. Majengo yalirudi mikononi mwa familia, lakini ushirikiano katika uendeshaji na uuzaji ulibaki. Familia ilinunua kuta. Njia iliendelea kuwa ya wote wawili.

4.0 Majaribio Yaliyotangulia katika Pwani ya Afrika Mashariki

4.1 Vitanda bila njia: hoteli za serikali

Baada ya Azimio la Arusha, Tanzania Bara ilichagua kuendesha utalii kupitia mashirika ya umma. Shirika la Utalii Tanzania lilimiliki hoteli za mbuga na za pwani, zikiwamo Kunduchi Beach na Bahari Beach kaskazini mwa Dar es Salaam. Zanzibar nayo ilifungua hoteli yake ya serikali, Bwawani, mwaka 1974. Uamuzi huo haukupita bila kupingwa. Mwaka 1970 Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha mjadala mkali katika gazeti la The Standard juu ya iwapo utalii unapatana na ujamaa, na michango ya mjadala huo ilikusanywa katika kitabu kilichohaririwa na Issa Shivji mwaka 1973.

Mjadala huo uliuliza maswali mazito kuhusu utegemezi, utumwa wa kimawazo na matumizi ya fedha za umma. Hata hivyo, pande zote mbili zilijikita zaidi katika suala la nani amiliki hoteli. Historia iliyofuata ilionesha kwamba swali la nani anamleta mgeni lilikuwa na uzito uleule. Wageni wengi wa Tanzania walikuwa wakifikia Nairobi na kuandaliwa safari na kampuni za huko. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na Tanzania kufunga mpaka wake na Kenya mwezi Februari 1977, njia hiyo ilikatika. Mpaka haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Vitanda vilibaki mali ya taifa, lakini idadi ya wageni ilishuka, na utalii ukazorota kwa miaka mingi.

4.2 Njia ya mmiliki mmoja: African Safari Club

Upande wa Kenya, jaribio la kinyume chake lilikuwa limeanza. Mwaka 1967 mfanyabiashara wa Uswisi, Karl Jakob Rüdin, alianzisha African Safari Club. Kampuni hiyo haikutegemea wakala wa nje kuleta wageni. Iliunda shirika lake la ndege, African Safari Airways, lililoanza na ndege za aina ya Britannia na baadaye kutumia DC-8, DC-10 na Airbus. Mgeni alilipia safari yake Ulaya, akapanda ndege ya kampuni hadi Mombasa, akapokewa na basi la kampuni na kulala katika hoteli ya kampuni, iwe Shanzu, Kilifi au Watamu. Akitaka kuona ndovu, alipelekwa katika kambi ya kampuni kandokando ya Tsavo. Katika miaka ya 1990 kulikuwa hata na meli ya kitalii ya kampuni iliyotumia bandari ya Mombasa.

Hakuna kampuni nyingine katika pwani hii iliyowahi kushika njia ya mgeni kwa ukamilifu huo. Wakati TUI nayo ilikuwa imefika Diani katika miaka ya 1970 kupitia klabu ya Robinson, hiyo ilikuwa hoteli moja miongoni mwa nyingi za kundi kubwa. African Safari Club, kinyume chake, ilikuwa na mashina yake yote katika pwani moja, na hapo ndipo palipokuwa na udhaifu wake. Ghasia za Likoni za Agosti 1997, shambulio la Kikambala la Novemba 2002 na machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliitikisa pwani yote ya Kenya. Kampuni yenye hoteli Kanari na Karibi ingeweza kuwaelekeza wateja wake kwingine hadi hali itulie. Kampuni iliyokuwa na Kenya peke yake haikuwa na pa kuwaelekeza. Ndege zilisimama mwishoni mwa miaka ya 2000, na mwanzoni mwa mwongo uliofuata biashara ya hoteli nayo ilianguka. Baadhi ya majengo ya Shanzu yalikuja kufufuliwa na PrideInn, kundi la hoteli la Kenya linalotegemea pia mikutano na wageni wa ndani.

Ulinganisho wa majaribio haya mawili unatoa matokeo yanayokamilishana. Serikali ya Tanzania ilikuwa na vitanda bila njia. African Safari Club ilikuwa na njia, lakini njia yenye kituo kimoja. RIU ilipata njia yenye vituo vingi, na kwa sababu hiyo ilihimili misukosuko ambayo ingeangusha kampuni ya kituo kimoja.

5.0 Zanzibar Yafungua Mlango

Zanzibar iliyoipokea RIU ilikuwa imebadilika sana tangu siku za Bwawani. Kuporomoka kwa bei ya karafuu katika soko la dunia kuliiacha serikali ya visiwa bila tegemeo lake la fedha za kigeni. Kuanzia mwaka 1984 biashara ililegezwa, na mwaka 1986 ikatungwa sheria ya kulinda uwekezaji. Mwaka 1985 visiwa vilipokea watalii 19,368. Mwaka 2019 idadi ilifika 538,264, na mwaka 2024 ilifika 736,755.

Katika miaka ya 1990 wawekezaji wa Kiitaliano ndio waliotangulia kuleta vijiji vya malipo jumuishi, hasa pwani ya mashariki, Kiwengwa na jirani zake. Upande huo una rasi pana ya matumbawe. Maji yakipwa, bahari husogea mbali na mgeni hubaki akitazama mchanga, miamba na akina mama wanaolima mwani. Nungwi na Kendwa hazina tatizo hilo kwa kiwango hicho, kwa kuwa maji huko hayaendi mbali, na mtu anaweza kuogelea karibu saa zote. Kwa mwandaaji wa safari anayetakiwa kuahidi kitu kilekile kwa kila mgeni na kila siku, tofauti hiyo ya kupwa na kujaa ina thamani kubwa. Jiografia, kwa hiyo, haikosi nafasi katika historia hii: huamua ni kijiji kipi kitachaguliwa, baada ya njia kuamua kwamba kisiwa kitachaguliwa.

Miaka ya 2020 hadi 2022 iliionesha Zanzibar nguvu ya njia hiyo kwa namna mbili. Tanzania iliporuhusu tena ndege za kimataifa mwezi Mei 2020 bila sharti la karantini, wakati nchi nyingi za ufukweni zilikuwa zimefungwa, ndege za kukodi kutoka Urusi, Ukraine na nchi nyingine za Ulaya Mashariki zilielekezwa Unguja, soko ambalo awali lilikuwa dogo. Idadi ya wageni ilipanda kutoka 260,644 mwaka 2020 hadi 394,185 mwaka 2021. Kisha, mwezi Februari 2022, vita viliifunga anga ya Ukraine, na mamia ya watalii wa nchi hiyo wakakwama kisiwani bila ndege ya kuwarudisha. Soko lililojengwa katika msimu mmoja lilikatika kwa siku moja, kwa uamuzi uliofanywa maelfu ya kilomita kutoka Nungwi.

6.0 Saza kama Kipimo

Wasomi wanaoiita hoteli ya malipo jumuishi kisiwa cha uchumi wana maana ya eneo ambalo mtaji, wasimamizi, pembejeo na faida hutoka na kurudi nje, huku eneo lenyewe likitoa ardhi na nguvukazi tu. Mfano wanaoutumia ni mgodi. Ni vyema basi kuangalia mgodi halisi.

Saza ipo katika ukanda wa dhahabu wa Lupa, mashariki mwa Ziwa Rukwa, katika Wilaya ya Songwe. Dhahabu ya Lupa ilianza kuchimbwa na walowezi katika miaka ya 1920, na katika mwongo uliofuata wachimbaji wengi walimiminika huko. Mgodi wa New Saza, uliokuwa mkubwa kuliko yote katika ukanda huo, ulifanya kazi kuanzia mwaka 1939 hadi mwaka 1956. Eneo lilikuwa mbali na reli na mbali na bandari, lakini umbali huo haukuzuia uchimbaji, kwa sababu dhahabu ni bidhaa yenye thamani kubwa na mzigo mdogo. Mtaji ulifuata mwamba ulipo.

Mfanano na hoteli ya kisasa unaonekana: uamuzi wa kufungua na kufunga hufanywa mbali, mashine na wasimamizi hutoka nje, na maisha ya mamia ya familia hutegemea mwajiri mmoja. Lakini tofauti mbili ni za msingi. Kwanza, dhahabu ya Saza haikuweza kupatikana kwa kubadilisha ukurasa wa katalogi. Aliyetaka dhahabu ya Lupa alilazimika kwenda Lupa, na ndiyo maana mtaji mkubwa ulirejea katika ukanda huohuo zaidi ya nusu karne baadaye, pale mgodi wa New Luika ulipoanza uzalishaji mwaka 2012. Ufukwe hauishi kama mwamba unavyoisha, lakini mgeni wake anaweza kupelekwa ufukwe mwingine bila hasara kubwa kwa anayemsafirisha.

Pili, kampuni ilipoondoka Saza, kilichokuwa chini ya ardhi hakikuondoka nayo. Uchimbaji mdogo umeendelea katika ukanda wa Lupa kwa miongo mingi, kwa sululu, karai na ujuzi uliorithishwa, na mnunuzi wa dhahabu hupatikana bila kupitia kampuni yoyote kubwa. Mchimbaji mdogo ana njia yake mwenyewe ya kufikia soko, hata kama ni njia ya taabu na hatari. Mpishi au mhudumu wa Shanzu alipofungiwa geti alibaki na ujuzi wa kazi, lakini hakuwa na namna ya kumfikia mgeni wa Basel. Mgeni alikuwa mali ya njia, na njia ilikwishafungwa.

Kwa hiyo, kulinganisha hoteli na mgodi kunapunguza ukubwa wa tatizo badala ya kuukuza. Katika jambo la uwezo wa wenyeji kuendelea baada ya kampuni kuondoka, hoteli ya malipo jumuishi inaweza kuwaacha mahali pagumu kuliko mgodi ulivyowaacha.

7.0 Kinachobaki Nje ya Geti

Swali la nini kinabaki kwa wenyeji si la nadharia. Uchambuzi wa mnyororo wa thamani wa utalii wa Zanzibar uliotolewa mwaka 2010 ulikadiria kwamba takriban asilimia 10 tu ya mapato ya utalii iliwafikia wenyeji wa kipato cha chini. Utafiti wa shirika la Tourism Concern uliochapishwa mwaka 2012, uliofanyika Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, ulikuta kwamba kaya ilitumia wastani wa lita 93.2 za maji kwa siku, ilhali chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia wastani wa lita 3,195. Tafiti zote mbili zilitangulia ujio wa RIU na hazipaswi kusomwa kama hukumu juu yake. Umuhimu wake ni kuonesha mazingira ambayo hoteli kubwa zaidi ziliyakuta: kisiwa cha mawe ya matumbawe, chenye maji baridi machache chini ya ardhi, na soko ambalo wavuvi na wakulima hawajaingia kikamilifu.

Ni lazima pia kukiri upande wa pili. Hoteli kubwa huajiri watu wengi mahali pamoja, hulipa kodi zinazoweza kukaguliwa, na hufungua kazi kwa msimu mrefu kuliko nyumba ndogo za wageni. Ule uamuzi wa miaka ya 1960 wa kupinga kufunga hoteli wakati wa baridi ulikuwa na faida kwa mfanyakazi wa Mallorca kama ulivyokuwa na faida kwa mwajiri wake. Mtaalamu anayetaka hoteli hizi ziondoke ana wajibu wa kueleza ajira hizo zitatoka wapi.

Hata hivyo, Zanzibar ina nyenzo ambayo Mallorca ya mwaka 1953 haikuwa nayo. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi ilitangazwa kuwa mali ya umma, na mwekezaji hapati umiliki wa kudumu bali hukodishwa. Mkataba wa ukodishaji ni mahali pekee ambapo mwenye ufukwe hukutana ana kwa ana na mwenye njia, na nguvu za serikali katika meza hiyo huwa kubwa zaidi kabla ya msingi kuchimbwa. Masharti kuhusu chanzo cha maji, kiasi cha samaki na mboga kitakachonunuliwa kwa vikundi vya wenyeji, mafunzo ya Wazanzibari katika nafasi za usimamizi, na nani ataendesha mashua za matembezi, yote ni masharti juu ya njia ya mgeni. Kila sharti kama hilo linafungua kituo kimoja cha njia kwa mtu wa nje ya geti. Sharti lisiloandikwa wakati huo ni vigumu kulidai baadaye, kwa sababu mwekezaji aliyekwisha kujenga hujibu kwa hesabu ya ajira zitakazopotea.

8.0 Hitimisho

Insha imeonesha kwamba kukua kwa RIU kutoka hoteli moja ya Playa de Palma hadi kundi la hoteli katika mabara kadhaa kulitokana na ufungamano wa mapema na wa kudumu na waandaaji wa safari wa Ujerumani. Malipo jumuishi, yaliyoanza Punta Cana mwaka 1991 kwa upande wa kampuni hiyo, yaliukamilisha ufungamano huo kwa kumfanya mgeni alipie njia yote kwa pamoja. Hoteli za umma za Tanzania zilidhoofika kwa kukosa njia hiyo, na African Safari Club ilianguka kwa kuwa na njia yenye mwisho mmoja.

Mfano wa Saza umeongeza jambo ambalo mjadala wa mwaka 1970 haukulifikia. Umiliki wa mahali, uwe wa taifa au wa kampuni, hautoshi pale ambapo bidhaa yenyewe ni mtu anayesafirishwa. Nungwi haijawa Shanzu, na hakuna sheria ya historia inayoilazimisha iwe. Lakini Shanzu nayo, katika miaka ambayo ndege za kampuni zilitua Mombasa zikiwa zimejaa, haikudhani kwamba siku moja mabasi yangeacha kuja. Mikataba ya ardhi inayotiwa saini Zanzibar katika mwongo huu ndiyo itakayoamua kama, siku njia ikihamia kisiwa kingine, kijiji kitabaki na visima, mashua, wanunuzi na mameneja wake, au kitabaki na kuta peke yake.